Kurasa Nilizofungia Chumvi

Masika mwanangu,

Barua hii mama yako angeipitia kwanza kwa kalamu nyekundu, ndipo akupe. Mimi sina kalamu nyekundu na sina mama yako, kwa hiyo vumilia makosa. Leo nimefunga butiki mapema. Wateja wamegonga mlango mara mbili, nikajifanya sipo. Wewe umekwenda Kabondo kumuaga tonton Likilo, kaka wa mama yako, na ninavyomjua, hatakuachia mpaka ule mara mbili. Nina muda huo tu, nao lazima unitoshe.

Mambo ya safari yako ya kesho sitayaandika. Kinini, sweta la baridi ya Goma, kutomwachia mtu begi lako pale uwanja wa ndege, hayo nimeyarudia mpaka ukaniambia, “Papa, mi si mutoto tena.” Sawa, si mtoto. Shangazi yako atakupokea, na kwa maneno ananishinda mbali. Mimi nina jambo moja ambalo limenikaa kooni mwaka mzima na zaidi. Mara tatu nilikuita nikueleze, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza kama umekula.

Ni juu ya vitabu vya mama yako.

Najua ukisoma hapo moyo wako utaruka. Ile orodha yake iliyoandikwa kwa makaa ukutani, pembeni ya kitanda, umeinakili yote kwenye daftari, namba moja mpaka thelathini. Umesema utavitafuta vyote, Goma, na ukivikosa Goma utavuka mpaka, na utavisoma kwa mpango uleule aliousomea yeye. Nilikusikia ukimwambia tonton wako, “Basoda babeba vitabu ya mama. Mi nitavirudisha.” Ulisema kwa hasira mpaka sauti ikakatika. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na kilo mbili za sukari mkononi, na sikuingia.

Askari hawakubeba vitabu vya mama yako, Masika. Vitabu nilivimaliza mimi.

Sasa nimeiandika. Usiitupe barua. Nipe nafasi nikueleze kwa utaratibu. Sisemi ili nijitetee. Mama yako alisema hadithi ikielezwa ovyo hata ukweli wake unaonekana uongo.

Ulikuwa mdogo padri yule mzee aliyekuwa akifundisha Kifaransa alipoondoka akamwachia mama yako sanduku la bati. Ndani mlikuwa na riwaya thelathini, kuukuu, zimeliwa pembeni na mende, zilizoandikwa na watu waliokufa kabla mzungu wa kwanza hajaona maporomoko yetu ya Kisangani. Mimi niliuliza kama sanduku lina kufuli. Yeye alikaa chini sakafuni akavitoa kimoja kimoja, akavinusa, na siku ileile akaandika orodha ukutani. Akaniambia kwamba atavisoma vyote kabla wewe hujapata diploma yako ya sekondari. Nikacheka. Nikamwuliza, “Na fufu tutakula ngapi katika hiyo thelathini?”

Hakukasirika. Alikuwa amezoea kuolewa na mfanyabiashara. Alirudi kutoka shule alikofundisha bila mshahara, akapika, akaosha vyombo, kisha akakaa barazani na sura mbili za siku. Mbili, hakuzidisha hata alipotamani. Alikuwa na sheria nyingine pia: haruhusiwi kuruka mahali mwandishi anapoeleza nyumba na miti, hata kama ni kurasa kumi. Namba kumi na saba ilimshinda. Aliiweka chini, akakaa miezi bila kuisoma, na hakukubali kuanza kumi na nane. Nilimwambia, “Iruke, nani atajua?” Akasema, “Mi nitajua.” Akairudia kutoka mwanzo.

Nawe unakumbuka jirani zetu walivyoanza kuja. Mama yako alikuwa akisoma kwa Kifaransa kimoyomoyo, halafu anawaambia kwa Kiswahili yaliyotokea, na pale penye mapenzi anahamia Lingala. Wale wanawake walikuja na mboga zao za kuchambua. Siku ambayo bwana mmoja wa kitabuni alimwacha mchumba wake kwa ajili ya mwanamke mwenye shamba kubwa, mama mmoja wa nyumba ya pili alitupa sombe lake chini akasema, “Huyu mwanaume iko bure kabisa! Na wewe, mwalimu, juu ya nini unamusoma tena?” Mama yako alicheka mpaka machozi. Akaniambia baadaye, “Papa Masika, mutu amekufa kitambo hata mababu hawajazaliwa, na leo amekasirisha mama wa Kisangani. Hiyo si kitu?”

Nilimjibu kwamba ni kitu. Kisha nikamwuliza amebakiza vitabu vingapi.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na mengine yote yalitoka humo. Mimi nililielewa lengo lake kama mtu anayeondoa mzigo depo. Thelathini zimeingia, ishirini zimetoka, bado kumi. Kitabu kilichosomwa kwangu kilikuwa gunia tupu, na gunia tupu hatulitupi, tunalitumia kwa kazi nyingine. Sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kumaliza kitabu na bado akawa nacho.

Vita vikaja. Njia ya mto ikafungwa kuelekea chini, boti za Kinshasa zikakoma, na kilichobaki kilikuja kwa ndege za mizigo. Mama yako miguu ikaanza kuvimba. Dawa yake ilikuwa inakuja kwa boti. Wewe tukakupeleka Yanonge kwa koko wako, mama yake mama yako, ili uwe mbali na mabomu. Yale ya miezi hiyo hukuyaona, ndiyo maana uliweza kudanganywa.

Katika butiki karatasi ilikwisha. Nilifungia karanga na sukari kwa mifuko ya simenti, nikamaliza. Magazeti, nikamaliza. Madaftari yako ya zamani, samahani, nayo nikamaliza. Koko wako alisikia, akanitumia kwa mtumbwi, pirogi ya jirani yake, mafungu matatu ya majani, yale mapana wanayofungia mikate ya muhogo, kwanga, na samaki, mabichi, yameoshwa vizuri. Na neno akatuma: “Mukwe yangu, funga na majani. Sisi bote tunafunga na majani.”

Nilimrudishia.

Masika, kama kuna kitu kimoja ningeomba nikirudie maishani mwangu, si siku ya harusi, ni ile asubuhi pirogi ilipofika na majani. Baba yangu kule Butembo alinilea dukani. Alinifundisha kwamba mteja akitoka na karatasi mkononi, watu wanajua ametoka butiki. Akitoka na jani, ametoka sokoni chini. Nilitembea na neno hilo kutoka milimani mpaka hapa, nikaoa binti wa watu wa mtoni, nikala samaki wao kwa majani yao miaka yote, na bado dukani kwangu majani sikuyataka. Nilimwambia mwenye pirogi, “Hapa iko butiki, si soko ya kwanga.” Mama yako alikuwa chumbani, mlango wazi. Alisikia.

Usinisikie nikisema kwamba vita ndivyo vilivyonilazimisha. Majani yalikuwa yanapita mbele ya mlango kila siku.

Siku iliyofuata nilifungua sanduku nikachukua namba moja. Nilijiambia, ameshaisoma. Karatasi yake ilikuwa nzito, inakunjika vizuri kama pembe, korne ya chumvi inasimama wima. Kitabu kimoja kilinitosha siku nne au tano. Nikaenda namba mbili, namba tatu. Na majalada nikayaacha, Masika. Niliyapanga upya ndani ya sanduku, migongo juu, ili mtu akifungua aone yamejaa. Mtu anayeamini hafanyi kosa hapangi majalada.

Mama yako alikuwa kitandani, amefika namba ishirini na tisa. Riwaya ya mjane mwenye kinu cha kusaga unga, ambaye mwanawe wa pekee amechukuliwa vitani. Kitabu kizima yule mama anasaga unga wa watu na anangoja. Hakuna kingine kinachotokea, lakini mama yako alikuwa anasoma amekaza macho, na sheria ya sura mbili aliivunja kwa mara ya kwanza. Alisoma tatu, nne. Alikuwa anajua kwamba muda wake ni mfupi, mimi sikutaka kujua. Aliniambia, “Nikimaliza huyu mama, nimebakiza moja tu. Niombee nifike.” Nikamwambia atafika hata mia.

Kisha ndege ikaleta chumvi. Mji ulikuwa umekaa wiki ngapi bila chumvi, na mimi nilipata magunia mawili. Foleni ilifika mpaka kwenye mtaro. Niliingia chumbani kutafuta karatasi, mama yako amelala, na juu ya sanduku kulikuwa na kitabu. Nilidhani ni kimoja cha vile vilivyokwisha. Nikakichana kuanzia nyuma, kwa sababu kurasa za nyuma zilikuwa safi zaidi, nikatoka nazo mkononi.

Nimesimama kidogo kunywa maji, nimerudi, nimesoma hayo niliyoandika. Hapo nilipoandika “nilidhani” nimekudanganya tena. Hata leo, hata kwenye barua hii. Nilijua. Ndani ya kitabu kulikuwa na alama yake, kile kipande cha kitenge cha kijani alichokata kwenye pindo. Nilikiona. Kilikuwa karibu na mwisho, hakikuwa mwishoni. Nikawaza, kurasa thelathini na kitu, atakuwa ameelewa kinakoelekea. Nikawaza foleni. Kulikuwa na wanawake watano sita waliosimama pale na majani yao wenyewe mikononi, tayari niwapimie chumvi, nami niliwaambia wangoje karatasi.

Hiyo ndiyo asubuhi niliyoonekana mfanyabiashara mkubwa Kisangani.

Alipoamka aliomba kitabu chake. Nilimpa. Alisoma jioni hiyo, alisoma kesho yake, akafika. Nilikuwa namsugua miguu. Niliona kidole chake kimepita kwenye uzi wa gundi pale kurasa zilipokuwa. Akaangalia mikono yangu. Kesho yake asubuhi akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, “Papa Masika. Ule mutoto alirudia?”

Nikamwambia, “Alirudia. Nilisoma ukurasa ya mwisho. Alirudia na mguu moja iko na kidonda, lakini alirudia.”

Akatabasamu. Akasema, “Muongo wangu. Huyu mwandishi harudishake batu hivyo.” Akageukia ukutani, na mimi nikajua kwamba nimemwibia mke wangu kitu ambacho hata pesa za ndege nzima ya chumvi haziwezi kununua.

Niliondoka kwenda kutafuta. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, mfanyabiashara mzima, nikiuliza wanawake, “Karatasi ya chumvi bado iko?” Walidhani chumvi ina sumu. Wengi walikuwa wamewashia moto. Mmoja alikuwa ameipa mtoto wake akatengenezea ndege ya kuchezea, ikaanguka mtaroni. Nilitembea siku mbili. Mama mmoja tu, kule Kabondo, alikuwa amebandika ukurasa kwenye ufa wa ukuta kuzuia upepo. Nilimpa sabuni akanibandulia. Ukurasa mmoja, na namba yake imeungua, sikujua hata unatoka wapi katika zile thelathini na kitu.

Nilimletea. Mkono wake haukuweza tena kushika kitabu, nikamsomea mimi, kwa Kifaransa changu cha sokoni. Ukurasa ule unaeleza jioni tu: yule mjane anaosha mikono unga, anawasha taa, anatandika meza, anaweka sahani mbili. Basi. Mama yako alinifanya niusome mara tatu, na kila nilipokosea neno alilisahihisha akiwa amefumba macho. Mwishoni akasema, “Sahani mbili. Donc, bado anamungoja.” Alionekana ameridhika kuliko nilipomwambia uongo wangu. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya choo kama mtoto aliyepigwa.

Baada ya hapo ndipo majeshi ya wageni yakapigana ndani ya mji wetu, nasi tukalala siku zile zote chini ya kitanda, mimi nimemfunika yeye. Bunduki zilipotulia, askari waliingia nyumbani. Walichukua redio, godoro la wageni, nguo zangu, na sanduku la bati, kwa sababu lilikuwa zuri na zito kidogo. Walibeba majalada matupu ishirini na nane. Nimewaza mara nyingi uso wa yule aliyelifungua.

Wewe ukarudi kutoka Yanonge. Uliingia, ukamkumbatia mama yako, ukatazama mahali pa sanduku, ukauliza, “Vitabu viko wapi?” Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilifungua mdomo. Ninaapa nilifungua mdomo. Mama yako akanitangulia: “Basoda babeba, mwana yangu. Babeba yote.” Na akanitazama, si kwa hasira. Alikuwa anakufa, na alihesabu kwamba ukishamkosa yeye utabaki na mzazi mmoja, hakutaka umchukie. Mimi nilimwacha afanye hivyo. Nilimwacha mwanamke aliyekuwa akikosa pumzi atumie pumzi yake kunisitiri. Baada ya siku kumi na mbili tukamzika. Kile kitabu ulichodhani ni cha sala, kifuani pake, kilikuwa namba ishirini na tisa pamoja na ule ukurasa.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu imekuwa ndefu, na ningeweza kuifuata mpaka kaburini kama si ile siku ya mwezi uliopita, pale kwenye kizuizi cha askari karibu na daraja la Tshopo. Uliwapigia askari kelele, “Murudishe vitabu ya mama yangu! Bezi!” Askari mmoja aliweka risasi kwenye bunduki. Tonton wako alipiga magoti kwenye tope, akawaambia kichwa chako si kizima tangu msiba, akawapa baiskeli yake ndipo wakakuachia. Jioni aliniambia, “Shemeji, huyu mutoto atakufa juu ya vitabu.” Likilo hajui kitu. Amepoteza baiskeli yake, chakula cha watoto wake, kwa sababu ya chumvi yangu.

Na kesho kati ya hapa na uwanja wa ndege kuna vizuizi viwili, Masika, na Goma vingine, na mimi sitakuwapo kupiga magoti. Siwezi kukutuma kwenye mdomo wa bunduki na hasira niliyokupa mimi. Wana mengi ya kujibu, wale. Hatujamaliza kuzika waliowaua. Lakini hili si lao. Ukimpita askari kesho, inamisha macho, toa karatasi yako, pita. Hasira yako ina mtu wake, na mtu huyo unamjua jina.

Sasa juu ya lengo lako. Nani mimi wa kukushauri kusoma? Lakini kuna jambo hulijui. Namba thelathini ilibaki. Ilikuwa dirishani, askari hawakuitaka. Baada ya msiba nilikuwa naiona kila siku, na siku moja nikaifungua butikini, kati ya mteja na mteja. Nilijiwekea kurasa tano kwa siku. Nilisoma kwa kidole, na kamusi ya mama yako pembeni. Kurasa za kwanza mia sikuelewa kwa nini watu wote wale wana majina matatu matatu. Nilitaka kuacha, nikakumbuka kumi na saba. Nikarudi mwanzo.

Ilinichukua miezi kumi. Na karibu na katikati, sijui siku gani, nilisahau kuhesabu kurasa. Kuna mjomba mmoja humo, bahili, anayejificha jikoni wageni wanapokuja ili asiwakaribishe mchuzi. Nilicheka peke yangu mpaka mteja akaondoka akidhani nimelewa. Kisha nikatazama pembeni nimwambie mama yako. Ndipo nikaelewa alichokuwa akifanya pale barazani miaka yote ile, na kwa nini aliniambia siku moja, nami sikusikiliza, “Kitabu nimemaliza, njo sasa inaanza kuwa yangu.” Alikuwa ananiita nikae naye. Mimi nilimwuliza amebakiza vingapi.

Kwa hiyo vitafute, mwanangu. Lakini usivisome kumrudishia mtu kitu, maana utavisoma haraka na kwa meno yaliyokazwa, na vitakuwa mzigo wa depo kama vilivyokuwa kwangu. Visome kwa sababu vinachekesha. Vingine vitakuchosha, mama yako alichoka navyo pia, alipiga miayo, alilala kitabu kikiwa puani. Ukikwama, kwama. Ukipata mtu wa kumsimulia, msimulie, hata kama ni shangazi yako anayependa kukatiza. Na ukifika kwa yule mama mwenye kinu, ukaona kurasa zile za mwisho ambazo mama yako hakuziona, usiniandikie kama mwanawe alirudi. Sina haki ya kujua kabla yake.

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, huja baadaye. Yangu nimeyalea mpaka yamekuwa makubwa kuliko wewe. Nilipoanza kuandika nilipanga kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute Goma, ukiwa mbali na mimi. Ningekuwa nimekupungia mkono uwanjani, umenikumbatia, nimebaki na kumbatio hilo. Lingekuwa la wizi nalo. Nitakupa mkononi ukiingia tu, na nitatoka ukae nayo peke yako.

Mama yako sikumwomba msamaha. Nilikuwa na wiki kadhaa, nilikuwa na miguu yake mikononi mwangu kila siku, na sikuomba, kwa sababu hakunidai. Wewe nakuomba. Hulazimiki kunijibu kesho, wala mwaka huu.

Alfajiri nitakuwa nimesimama uani, nimevaa viatu. Ukitaka nikubebee begi, niite. Usiponiita, tonton Likilo atalibeba, na mimi sitasogea.

Papa yako